Kikao cha familia na daktari wa ICU kimetozwa kwenye bili ya baba: je, mazungumzo nayo ni tiba?

#1 Mzizima_Houston

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba mwongozo kutoka kwa wenye uzoefu wa bili za hospitali hapa Marekani, hasa wale wanaofanya kazi kwenye ofisi za madai ya bima.

Baba yetu, mwenye umri wa miaka 61, alilazwa ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, kwa nimonia kali, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia na kupewa dawa za usingizi, hivyo kwa muda hakuweza kuzungumza wala kuelewa anachoambiwa. Katika kipindi hicho daktari bingwa wa ICU alituita kwenye chumba kidogo kilicho ndani ya wodi hiyohiyo. Tulikaa naye mama, mimi na dada zangu, huku kaka yetu mkubwa aliye Mwanza akisikiliza kwa simu. Daktari alitueleza kwamba figo zinaelekea kushindwa kazi, akatuuliza iwapo baba aliwahi kusema angependa nini endapo angefikia hali kama ile, na mwishowe tukakubaliana aanzishiwe dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine. Baba amesharudi nyumbani, anatembea kwa mkongojo na anakula vizuri, tunamshukuru Mungu.

Sasa imefika bili ya daktari, ambayo ni tofauti na ile ya hospitali. Kwenye tarehe ya kikao kile kuna mistari miwili, namba 99291 na namba 99292, wakati siku nyingine nyingi zina 99291 peke yake. Mama alipopiga simu ofisi ya bili aliambiwa kwamba ongezeko hilo linatokana na muda wa kuzungumza na familia. Baba ana bima ya kazini kwake, lakini bado hajamaliza kiwango anachopaswa kujilipia kwa mwaka, kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha hizo inatoka mfukoni mwetu.

Kaka anasema huu ni wizi wa mchana, kwa kuwa daktari aliyekaa kitini akiongea na ndugu hakuwa anamtibu mtu. Naomba kujua kama ni halali kutoza mazungumzo ya namna hii, na kama ni halali, kwa nini maelezo mafupi aliyokuwa akitupa kila asubuhi hayakutozwa vilevile. Nawasilisha.

#2 Bint_Pangani

Pole kwa mzee, na hongereni kwa kumuuguza.

Mimi nasimama na kaka yako. Mwenye bima ni mgonjwa, mwenye ugonjwa ni mgonjwa, na aliyesaini kutibiwa ni mgonjwa. Ndugu wanapoelezwa hali ya mzee wao, hiyo ni heshima na wajibu wa daktari yeyote aliyekula kiapo, na sioni kwa nini heshima iwe na bei. Mama yangu mzazi alipolazwa hapa Maryland, daktari alikuwa akitupigia simu kila jioni, na hatukuona mstari wa namna hiyo kwenye bili yoyote. Kama mmoja anaweza kufanya hivyo bila malipo, mwingine anashindwa vipi?

#3 Karani_Columbus

Salaam. Kazi yangu ni kuweka namba za huduma kwenye madai ya madaktari, kwa hiyo naomba nianze na namba zenyewe kabla ya kuingia kwenye haki na dhuluma.

Namba 99291 ni huduma ya mgonjwa mahututi kwa dakika 30 hadi 74 za kwanza katika siku moja, na 99292 ni nyongeza ya kila dakika 30 zinazofuata. Zikipungua dakika 30, namba hizo hazitumiki, na daktari analazimika kutumia namba za kawaida za kumwona mgonjwa aliyelazwa. Dakika hizo hazipatikani kwa kugusa mwili wa mgonjwa peke yake. Kusoma picha za mapafu, kupitia majibu ya maabara, kujadiliana na bingwa wa figo na kuandika maelezo, vyote vinahesabika ilimradi daktari yuko wodini na akili yake yote iko kwa mgonjwa huyo mmoja.

Kuhusu familia, kanuni imeandikwa wazi: muda wa kuzungumza na ndugu unaingia kwenye hesabu pale tu ambapo mgonjwa mwenyewe hawezi kushiriki, na mazungumzo yenyewe yanahusu moja kwa moja uamuzi wa matibabu, kama vile kuchukua historia ya ugonjwa au kuamua matibabu yaanzishwe au yasitishwe. Daktari anatakiwa aandike kwamba mgonjwa hakuweza kushiriki, kwa nini kikao kilihitajika, ni uamuzi gani uliojadiliwa, na muhtasari wa yaliyosemwa. Maelezo ya kila asubuhi ya kuwapa ndugu habari na kuwatuliza hayahesabiki, hata yakichukua saa nzima, na hilo ndilo jibu la swali lako la mwisho. Simu za jioni alizozitaja Bint_Pangani nadhani ziliangukia hapohapo: hazikuwa za kuamua jambo. Kikao chenu kilikuwa cha kuamua dialisisi. Kwa maelezo uliyoyatoa, naona kinakidhi.

#4 Kaka_Mkubwa_Mwz

Habari zenu. Mimi ndiye kaka anayetajwa, na mdogo wangu amenifikisha hapa kwa sababu tumeshindana kwenye kundi la familia.

Karani, nashukuru kwa ufafanuzi, lakini naomba nieleze ninachokipinga. Daktari yule alirudia maelezo yaleyale mara kadhaa: kwanza kwa mama, kisha kwa dada aliyechelewa kuingia, kisha kwangu mimi kwa simu kwa kuwa mtandao ulikuwa ukikatika. Uamuzi wa dialisisi wenyewe ulichukua muda mfupi sana, kwa sababu mama alisema ndiyo mara tu alipoelewa. Sasa dakika za kurudia, dakika za simu kukatika na dakika za kumsubiri dada, je, zote ni tiba ya baba? Kama ni tiba, basi familia kubwa inamgharimu mgonjwa wake kwa kuwa kubwa tu, na sisi tuliokulia kwenye koo ambamo uamuzi wa uhai wa mzee haufanywi na mtu mmoja tutalipa kila mara zaidi ya wengine.

#5 Nesi_wa_Zamu

Kaka, shikamoo. Mimi ni muuguzi wa ICU huku Dallas, na nimekaa kwenye vikao vya aina hiyo vingi. Naomba nitetee kazi hiyo kidogo.

Watu hudhani kazi ngumu ya daktari wa ICU ni mirija na mashine. Mara nyingi kazi ngumu zaidi ni kukaa na watu waliojaa hofu, kuwaeleza kwamba mzee wao anaweza asirudi kama alivyokuwa, na kuchota kutoka kwao kile ambacho mgonjwa angekisema kama angeweza kufungua kinywa. Bila ninyi, daktari hana njia ya kujua baba anataka nini. Hapo familia haiko pale kama wageni waliokuja kusalimu. Inasimama badala ya mgonjwa, na kuzungumza nanyi ni kuzungumza naye. Ndiyo maana mgonjwa anayejiweza akiwa kitandani anasikia, muda wa kuzungumza na ndugu zake pembeni hauhesabiki kwa kanuni hiyohiyo aliyoieleza Karani.

Jambo jingine: kwenye vikao hivyo huwa yupo afisa ustawi wa jamii, mara nyingine kiongozi wa kiroho, na muuguzi kama mimi. Kazi ya wauguzi na maofisa hao huwa haina mstari wake wa bili, kwa sababu inamezwa na malipo ya jumla ya kulazwa. Medicare, bima ya serikali kuu inayohudumia hasa wazee, kwa mfano, imekuwa ikiilipa hospitali kiasi kilichopangwa kulingana na aina ya ugonjwa tangu 1983, na bima nyingi binafsi zimefuata mtindo unaofanana. Anayeandika bili yake peke yake ni daktari, na kwa hiyo lawama zote humwangukia.

#6 Mpemba_Minneapolis

Assalaam alaykum.

Karani amesema kweli kuhusu 99291, ila kwenye 99292 ameruka jambo linaloweza kubadilisha hesabu nzima. Kitabu cha namba cha Chama cha Madaktari wa Marekani kinaruhusu nyongeza ya kwanza kuanzia dakika ya 75. Medicare haikubaliani nacho: kwake nyongeza haianzi mpaka dakika 30 kamili zipite baada ya dakika 74, yaani angalau dakika 104, na msimamo huo ilisisitiza tena kwenye kanuni zake za 2023. Kwa hiyo daktari aliyetumia dakika 85 anaweza kuwa sahihi kwa bima moja na mkosaji kwa bima nyingine, na kazi ni ileile.

Mzizima, uliza bima ya kazini kwa baba inafuata upande upi. Usikubali kuambiwa tu kwamba ni sawa.

#7 Karani_Columbus

Ahsante, Mpemba, nyongeza yako ni sahihi. Kaka_Mkubwa, kuhusu simu: simu ya ndugu inahesabika kwa masharti yaleyale, daktari akiwa wodini anapoipokea. Kuhusu kurudia, kanuni haisemi lolote ninalolifahamu. Inauliza kama mazungumzo yalihitajika kwa uamuzi. Mkaguzi mmoja atasema kuwafikisha wote wanaoamua kwenye uelewa mmoja ni sehemu ya kuamua. Mwingine atasema mwamuzi kisheria alikuwa mama peke yake, kwa kuwa ndiye mke, na waliobaki walikuwa wasikilizaji.

#8 Mama_Wawili_Boston

Nashangaa hakuna aliyetaja namba 99497. Hiyo ndiyo namba ya kikao cha kupanga matibabu ya mbele, yaani kujadili mgonjwa angependa nini endapo hali itazidi kuwa mbaya. Inahusu dakika 30 za kwanza, huruhusiwa kuanzia dakika 16, na inakubali wazi kwamba mazungumzo yafanyike na mgonjwa, au ndugu, au mwakilishi wake. Daktari alipouliza baba aliwahi kusema angependa nini, kwangu mimi kikao kiligeuka kuwa hicho, na kilipaswa kutozwa kwa namba hiyo, ambayo ni nafuu kuliko dakika za ICU.

Inafaa pia wenzetu wafahamu historia yake. Mwaka 2009, wakati muswada wa afya wa Rais Obama ukijadiliwa, kulikuwa na kifungu cha Medicare kumlipa daktari kwa mazungumzo haya. Mwanasiasa wa chama pinzani cha Republican, Sarah Palin, aliyaita mabaraza ya kifo, hofu ikatanda nchi nzima, na kifungu kikaondolewa kabla sheria haijapita mwaka 2010. Medicare ilianza kuyalipia tarehe 1 Januari 2016. Kwa hiyo swali la Mzizima lina uzito kuliko bili ya familia moja: nchi hii ilibishana kwa miaka kama daktari alipwe kwa kuzungumza na watu kuhusu kufa, na wapo waliokuwa tayari wazee wao wasiulizwe kabisa kuliko kuulizwa kwa malipo.

#9 Karani_Columbus

Dada, historia umeieleza vizuri, lakini 99497 haiwezi kukaa tarehe moja na 99291. Kitabu cha namba kinakataza, na kwa mgonjwa wa ICU muda ule unaingizwa kwenye huduma ya mgonjwa mahututi. Tena 99497 ni ya hiari, familia inapaswa kuridhia kabla ya kuanza, na kwa watu wa Medicare ina asilimia 20 ya kuchangia, isipokuwa ikifanyika pamoja na ziara ya afya ya kila mwaka.

#10 Mama_Wawili_Boston

Hapo ndipo tunapotofautiana, Karani. Sijasema angetoza zote mbili. Nimesema angeweza kuchagua kutenga kikao na kukiita kwa jina lake, kisha familia ikaulizwa kama inaridhia. Hilo la kuridhia ndilo linalokosekana kwenye dakika za ICU: mtu anaingia chumbani akidhani anapewa habari za baba yake, kumbe saa inahesabu.

#11 Bint_Pangani

Mama_Wawili umesema neno. Mimi sitabishana tena kama mazungumzo ni tiba, maana Nesi amenigusa. Ninachouliza sasa ni kwa nini hakuna anayewaambia ndugu mwanzoni.

#12 Nesi_wa_Zamu

Bint, fikiria mke ambaye mumewe ana mrija kooni, anaambiwa mlangoni kwamba kikao hiki kina bei. Nimewaona wake wanaoogopa hata kumwita muuguzi wakidhani wanaongeza gharama. Akiambiwa hivyo, hataingia, au ataingia na kusema ndiyo kwa kila kitu ili atoke haraka. Sitaki kuwa muuguzi wa kumwambia hayo.

#13 Daktari_Kijana_NBO

Habari, niko Nairobi, na nimefuatilia kwa makini kwa sababu huku tunajadili jambo linalofanana.

Katika hospitali binafsi za Kenya, daktari bingwa mwenye ruhusa ya kulaza wagonjwa humtoza mgonjwa ada yake mbali na bili ya hospitali, na viwango vya ada vimewekwa kwenye kanuni za mwaka 2016. Ada ya kila siku ni ya kumpitia mgonjwa, haina mstari wa ndugu. Matokeo yake nimeyaona kwa macho: bingwa anapita alfajiri, anamaliza, na ndugu wakifika saa ya kuona wagonjwa wanamkuta daktari wa zamu asiyejua mpango wote. Familia inazunguka wodini na maswali, haitozwi chochote, na haijibiwi chochote. Kwa hiyo Kaka_Mkubwa, kwa heshima zote, mazungumzo yasiyo na malipo mara nyingi huwa hayafanyiki. Ningependa kuona mfumo wetu ukiyatambua, ingawa si kwa kuhesabu dakika.

#14 Kaka_Mkubwa_Mwz

Daktari, hapo sikupingi. Hata huku Mwanza tumewahi kukaa kwenye benchi la wodi siku nzima kumsubiri daktari atuambie neno. Lakini mfumo wa dakika unampa daktari sababu ya kuongea sana, kama mfumo wenu unavyompa sababu ya kuongea kidogo. Sijaona bado unaompa sababu ya kuongea inavyotosha.

#15 Mwanasaikolojia_Phx

Naongeza jambo ambalo halijaguswa. Hili la kulipia mazungumzo na familia si la ICU pekee, na katika fani yangu lina namba zake rasmi. 90846 ni tiba ya familia bila mgonjwa kuwepo, 90847 ni pamoja naye, na zote zinapangiwa dakika 50. Sharti lake la msingi linafanana na la wodini: lengo liwe kutibu hali ya mgonjwa. Familia ikija kutibu huzuni yake yenyewe, anayehitaji kufunguliwa faili ni yule mwenye huzuni.

Medicare ina mwongozo unaosema hivyohivyo kwa madaktari wote. Mazungumzo na ndugu yanaweza kulipiwa kama mgonjwa hasemi na historia inahitajika, au kama ushauri kwa ndugu unasaidia kumtibu mgonjwa, mathalani kuangalia jinsi wanavyomhudumia nyumbani. Na tangu 2024 imeanza kulipia mafunzo ya mwuguzaji wa nyumbani, kwa namba 97550 na zinazofuata, hata mgonjwa asipokuwepo, ilimradi ameridhia. Kwa baba anayetembea kwa mkongojo baada ya ICU, mama angefaidika na mafunzo hayo. Ulizeni kama bima yenu nayo inayalipia.

#16 Tabora_Boy_Seattle

Kabla hatujafika mbali: mama alipata mkalimani kwenye kikao kile, au watoto ndio waliotafsiri? Kama kurudiarudia kulisababishwa na lugha, hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kutoa mkalimani bila kumtoza mgonjwa, kwa kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010. Dakika zilizorefushwa na kukosekana kwa mkalimani ningezipinga kwa maandishi.

#17 Mzizima_Houston

Nashukuru wote, nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Tabora_Boy, mkalimani alikuwepo kwa njia ya video, mtu wa Kenya, na alifanya kazi nzuri sana.

Baada ya Karani kueleza kile daktari anachotakiwa kuandika, tumetafuta maandishi yake. Kwa kuwa baba sasa ana fahamu zake zote, ilibidi asaini ombi yeye mwenyewe, na tumeyapata bila kusubiri ukomo wa siku 30 unaowekwa na HIPAA, sheria ya taarifa za afya za mgonjwa. Maandishi ya tarehe ile yanasema jumla ya dakika 112 za huduma ya mgonjwa mahututi, zikiwemo za mazungumzo na mke na watoto kuhusu kuharibika kwa figo, matarajio na uamuzi wa dialisisi. Hayasemi dakika ngapi zilikuwa za familia. Hakuna sentensi inayosema baba hakuweza kushiriki, ila ukurasa wa juu unaonyesha alikuwa kwenye mashine na dawa za usingizi.

Nimeona pia mstari wa tatu ambao sikuutaja mwanzoni kwa sababu uko ukurasa mwingine: 36556, ambao nimeelezwa ni uwekaji wa mrija wa dialisisi kwenye mshipa mkubwa.

#18 Karani_Columbus

Dakika 112 zinapita 75 za kitabu na zinapita 104 za Medicare pia. Sababu ya kikao imeandikwa, na uamuzi umeandikwa. Kutokuwa na sentensi ya wazi kuhusu uwezo wa baba ni udhaifu, lakini hali ya mgonjwa aliyelazwa usingizi kwenye mashine inajieleza yenyewe. Ningekuwa mkaguzi ningepitisha.

#19 Mpemba_Minneapolis

Mimi nisingepitisha bado, Karani, na sababu ni huo mstari wa tatu. Kazi inayotozwa kwa namba yake, kama kuweka mrija wa 36556, muda wake hauruhusiwi kuhesabiwa tena ndani ya dakika za mgonjwa mahututi. Daktari anapaswa kuandika kwamba dakika 112 hazijumuishi muda wa mrija. Mzizima, sentensi hiyo imo?

#20 Mzizima_Houston

Nimesoma tena kutoka mwanzo hadi mwisho. Haimo.

#21 Mpemba_Minneapolis

Basi hapo pana hoja ya haki, na haihusu familia kabisa. Inawezekana mazungumzo yenu yalikuwa mafupi kama anavyosema kaka, na kilichozifikisha dakika 112 ni mrija. Inawezekana pia mrija umetolewa kwenye hesabu na daktari hakukumbuka kuandika. Kwa maandishi haya hakuna anayeweza kujua.

#22 Nesi_wa_Zamu

Au daktari alitumia dakika zilizobaki kuzungumza na bingwa wa figo na kurekebisha mashine, kama inavyokuwa siku ambayo figo zinagoma. Siku kama hiyo daktari hatoki kwa mgonjwa. Tusimhukumu kwa sentensi moja ambayo hakuiandika akiwa amechoka.

#23 Wakili_Mstaafu_MD

Naomba niongeze upande wa malipo, maana bili haitasubiri mjadala huu.

Kwanza, angalieni kama daktari yule yuko kwenye mtandao wa bima ya baba, yaani ana mkataba nayo. Kama hospitali imo na daktari hayumo, sheria ya kuzuia bili za kushtukiza, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, inamzuia kudai kutoka kwenu tofauti kati ya bei yake na kiwango cha bima, na madaktari wa ICU wametajwa ndani yake miongoni mwa wale wasioweza kumtaka mgonjwa asaini kuachia haki hiyo.

Pili, kama hospitali ni ya wasiotafuta faida, inalazimika kuwa na utaratibu ulioandikwa wa kusaidia wasioweza kulipa, na ombi linapokelewa hadi siku 240 baada ya bili ya kwanza tangu mgonjwa atoke. Lazima pia iwe na orodha ya madaktari wanaohusika na msaada huo na wasiohusika, kwa kuwa daktari wenu ana bili yake.

Tatu, asisaini mtoto yeyote kuwa mdhamini wa deni la baba. Mama ana nafasi tofauti, kwa sababu Texas ni jimbo ambalo mali za ndoa ni za pamoja, na hilo mzungumze na mwanasheria wa huko.

#24 Kaka_Mkubwa_Mwz

Wakili, shukrani. Mdogo wangu, andikeni barua ya kuomba ufafanuzi wa dakika za mrija, na baba ndiye asaini. Suala la kuzungumza nasi mimi naliacha wazi. Nesi ananiambia nilikuwa sauti ya baba, na nikikumbuka swali lile la daktari, kwamba mzee aliwahi kusema nini, ni mimi niliyelijibu kwa simu, kwa kuwa baba aliniambia mimi peke yangu mwaka ule alipokuja kumzika bibi. Bado sikubali kwamba jibu langu lilipaswa kuingia kwenye bili yake.

#25 Nesi_wa_Zamu

Kaka, jibu lako halikutozwa. Kilichotozwa ni daktari kukaa kulisikiliza.

#26 Bint_Pangani

Na asingekaa, angejuaje la kufanya? Mimi naona hapo ndipo Kaka na Nesi wanasema jambo moja kwa bei mbili tofauti. Mzizima, ukijibiwa kuhusu ule mrija, turudishie majibu humuhumu.

#27 Mzizima_Houston

Barua imetumwa leo kwa rejista, baba amesaini, na ofisi ya bili imekubali kutopeleka bili kwa wakusanya madeni mpaka barua ijibiwe. Nimeuliza mambo matatu: dakika za mrija, dakika za familia, na upande upi wa hesabu ambao bima yetu inaufuata kwenye 99292. Nitaleta majibu.